Namba Moja kwenye Karatasi Tupu

Siku ya thelathini na saba ya eda, Zubery alileta karatasi nyumbani kwa marehemu kaka yake, huko Mbalizi, Mbeya. Alikaa sebuleni, kwenye kochi ambalo marehemu Abdulkarim alizoea kulikalia kusikiliza taarifa ya habari, akakohoa mara moja. Naima alivuta pazia la mlango wa chumba na kukaa nyuma yake. Mjane wa eda haonani na shemeji yake uso kwa uso. Karatasi zilipita chini ya pazia juu ya sinia la chai.

"Shemeji, mambo ya mahakama hayangoji," Zubery alisema. "Wewe hutoki mpaka miezi minne na siku kumi iishe. Mke mwenzio kule Iringa naye hatoki. Sasa nani ataenda? Ni mimi. Na siwezi kwenda mikono mitupu, lazima niende na muhtasari wa kikao cha ukoo."

"Kikao kilikaa lini?"

"Si tulikaa siku ya hitima? Yale tuliyozungumza pale ndiyo haya. Hapa ni kuandika tu."

Naima alifika kidato cha nne, karatasi hazikumtisha. Ya kwanza ilisema ukoo umemteua Zubery kuwa msimamizi wa mirathi, na kwamba nyumba ya Mbalizi, pamoja na fremu zake mbili za maduka, abaki nayo mjane Naima na binti yake Jaha. Sentensi hiyo aliisoma mara mbili. Karatasi ya pili ilikuwa na majina tu na nafasi za kusaini. Namba moja, Nusrat. Namba mbili, Naima.

"Hii nini?"

"Ipi, shemeji?"

"Nusrat yuko juu yangu."

"Ah, hayo ni ya wa steshenari. Yeye ndiye aliyechapa."

"Wa steshenari kanijulia wapi? Mimi nina miaka ishirini na miwili kwenye nyumba hii. Huyo ana mitatu. Hakimu amsome yeye kwanza, halafu mimi nifuate nyuma kama kijakazi wake?"

"Saini tu hapo, nitarekebisha."

"Sisaini chini yake."

Zipu ya mkoba ilisikika ikifunguliwa. Chini ya pazia ikapita karatasi nyingine, nyeupe, haina hata herufi moja.

"Haya, hii mpya kabisa," Zubery alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Andika namba moja kwa mkono wako, jina, sahihi, na dole gumba kando. Wengine watafuata chini yako. Ile ya juu naibana na hii kwa stepla, basi."

"Na yeye?"

"Atakuwa wa pili. Nimesema mimi."

Naima aliandika namba moja, akaizungushia duara. Akaandika majina yake matatu, akasaini, akabonyeza dole gumba. Juu ya jina lake karatasi ilikuwa tupu, na chini yake tupu. Aliliona hilo. Alikuwa mke wa mtu ambaye kila risiti iliyotoka kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki aliipiga mstari kutoka pembe hadi pembe pale palipobaki wazi, hata kama ni risiti ya plagi moja. Wateja walimcheka. Yeye alisema, "Nafasi nikiiacha mimi, mwingine ataijaza." Naima alilikumbuka neno hilo huku dole lake likiwa bado na wino. Kisha akamfikiria Nusrat akisaini chini yake, akasukuma sinia.

*

Jumatano asubuhi Sekela aliingia kwa mlango wa uani bila kubisha. Alikuwa mshonaji, mpangaji wa fremu ya kwanza, mwanamke wa Kinyakyusa mwenye shamba la viazi huko mlimani, na tangu msiba uingie ndiye aliyemletea Naima mboga na habari za barabarani.

"Ugonile, mama Jaha. Hivi unahama?"

"Nihame niende wapi, nami niko eda?"

"Basi wewe huna habari." Sekela alikaa kwenye kigoda, futikamba yake ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. "Wamekuja watu wawili kupima ukuta wa mbele. Mmoja ni Shedrack, yule dalali. Nikamuuliza, baba, unapima nguo ya nyumba? Akacheka. Kaniambia nianze kutafuta fremu nyingine, mwenye nyumba mpya anabomoa, anajenga gesti."

"Mwenye nyumba mpya nani?"

"Hajasema. Kasema makaratasi yako sawa, wajane wote wamesaini."

Jina la kwanza lililomjia Naima kichwani halikuwa la Zubery. Lilikuwa la Nusrat. Kwa miaka mitatu kila kilichopungua katika nyumba ile, sukari, bati la jiko lililochelewa, usiku wa Ijumaa, alikipeleka Iringa kwa mawazo na kukikuta kwa Nusrat. Hakuwahi kumpigia. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya Abdulkarim, iliyokaa kabatini pamoja na saa na kofia yake. Aliichaji, akatafuta. Abdulkarim alikuwa ameihifadhi kwa neno moja tu, "Iringa."

Simu iliita mara mbili. Ikapokelewa, na upande wa pili hapakusikika kitu isipokuwa mtu anayehema.

"Haloo," Naima alisema.

"Nani? Nani huyo, jamani?"

"Usiogope. Siyo yeye. Ni mimi, mama Jaha."

"Umenitoa roho, dada. Jina lake limetokea kwenye kioo."

"Jina gani? Ulimhifadhi kwa jina gani?"

"Mume wangu," alisema.

Naima alilitazama neno "Iringa" kwenye simu aliyoishika, neno kama la mzigo unaopakiwa kwenye basi, na kwa muda mfupi akafurahi. Kisha hasira ikarudi.

"Sikukupigia kwa salamu. Nani amekutuma uuze nyumba yangu?"

"Mimi? Mimi niuze ya Mbalizi? Dada, wewe ndiye unayeitaka hii ya Mlandege, hapa Iringa! Shemeji kaniambia kwa mdomo wake, umeshaenda kwa mwanasheria. Kasema nisaini upesi nikuwahi."

"Ukasaini?"

"Jumapili."

"Chini ya jina langu."

"Chini ya jina lako wapi? Namba moja nimesaini mimi."

"Muongo wewe! Namba moja ni mimi. Nimeiandika kwa mkono wangu na nikaizungushia duara."

"Wallahi, dada, namba moja ni yangu. Alikuja na karatasi jina lako liko juu, nikaikataa. Nikamwambia, mke mkubwa hata kwenye karatasi ya msiba anikalie kichwani? Ndipo akanipa nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Nyeupe."

Pikipiki ilipita Mlandege, na Naima akaisikia sikioni mpaka ikaishia.

"Ilikuwa na maandishi juu?"

"Haikuwa na kitu."

"Na yangu haikuwa na kitu," Naima alisema.

Kila mmoja aliliona lile jambo likikaa sawa mbele yake. Zubery hakukosea majina. Kwa Naima alipeleka karatasi yenye Nusrat juu, na kwa Nusrat akapeleka yenye Naima juu. Alijua kila mmoja atakataa nini na ataomba nini.

*

Siku hiyohiyo Sekela alifunga cherehani na kwenda mahakamani kuuliza. Karani aitwaye Vitus alimwonyesha tangazo ubaoni: Zubery ameomba kusimamia mirathi ya marehemu Abdulkarim, mwenye pingamizi ahudhurie Alhamisi ya wiki ijayo, saa nane mchana.

"Nikamwomba anisomee muhtasari wenu," Sekela alieleza aliporudi. "Unasema ninyi wawili kwa hiari mmeridhia nyumba zote mbili ziuzwe. Ya hapa na ya Iringa. Sahihi zenu zipo, kila mtu na ukurasa wake, na dole gumba. Mzuri kweli huo muhtasari. Hata mimi ningeuamini."

"Hukumwambia kuwa ni uongo?"

"Nimemwambia. Kaniuliza, mama, wewe ni mjane wa marehemu? Pingamizi halipokelewi kwa jirani. Waje wenyewe waliosaini."

Naima alimpigia shehe wa msikiti wao. Shehe alimjibu kuwa mjane hutoka mchana kwa haja isiyo na budi, kisha hurudi kulala nyumbani kwake. Kwa Nusrat jambo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu Iringa na Mbeya haziendeki na kurudi kwa siku moja na mwili ukabaki mzima. Shehe wa Mlandege alimwambia dharura ina hukumu yake, asikae zaidi ya haja yake.

"Nitakuja," Nusrat alisema kwenye simu. "Ila sina mtu huko, dada. Sijui nitalala wapi."

Naima alitaka kusema gesti zipo nyingi. "Utajua ukifika," alisema.

*

Alhamisi Naima alipita barabarani akiwa na nguo zake nyeupe za eda, Sekela kando yake. Mbele ya duka la unga wanawake wawili aliowafahamu waliacha kuzungumza.

"Kabla hata udongo haujakauka," mmoja alisema, si kwa sauti ya kunong'ona.

"Dada, hizo kunde zako zimeanza kuliwa na wadudu, zitazame hizo," Sekela alimjibu bila kusimama.

Nusrat alishuka kwenye bajaji mbele ya mahakama saa saba na nusu. Naima alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Alijiandaa kumkuta mzuri, na kweli alikuwa mzuri, ingawa uso ulikuwa umevimba kwa safari. Alijiandaa kumkuta kijana. Hakujiandaa kwa tumbo.

Nusrat alilishika kwa mkono mmoja kutoka chini, kama wanavyofanya wanawake waliokaa kwenye basi tangu alfajiri.

"Shikamoo, dada."

"Miezi mingapi?" Naima aliuliza.

"Saba."

Naima alihesabu kurudi nyuma. Miezi saba iliyopita Abdulkarim alisema yuko Makongolosi, anawapelekea wachimbaji vipuri. Alirudi na vumbi jekundu kwenye viatu, na Naima akavipangusa mwenyewe kwa kitambaa cha maji. Labda Iringa nako kuna vumbi jekundu.

"Nani anajua?"

"Ukoo wote, dada." Nusrat alitazama chini. "Nilidhani na wewe unajua. Nilimwambia shemeji amwandike mtoto kwenye warithi. Akasema kisichozaliwa hakiandikwi."

Naima aliondoka pale akaenda kusimama karibu na ubao wa matangazo, akajifanya anasoma. Zubery, aliyekuwa ameshafika, alimfuata, akaacha nafasi ya heshima kati yao, macho pembeni.

"Umeona sasa, shemeji," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa nakufichia aibu. Tuseme kweli. Akizaliwa wa kike, sawa. Akizaliwa wa kiume, mimi kaka wa marehemu sipati hata kijiko, na Jaha wako fungu lake linakatwa, maana wa kiume huchukua mara mbili. Umejenga na kaka yangu tofali kwa tofali, halafu kije kitoto cha juzi kichukue?"

Naima aliendelea kulitazama tangazo. Hapakuwa na uongo katika maneno yale, na ndiyo sababu yalimwingia.

"Kaa kimya tu mle ndani," Zubery aliendelea. "Ukiulizwa, sema sahihi ni yako. Tutauza ya Mlandege. Ya hapa nakuachia wewe na Jaha. Huyu atarudi kwao, bado msichana, ataolewa."

Atarudi kwao. Naima aliliona jambo hilo waziwazi: basi linaondoka, mwanamke dirishani, tumbo halina nyumba. Halikumhuzunisha. Lilikuwa tamu, na utamu wake ulimfanya ameze mate.

"Utaniandikia?"

"Kwa nini nisikuandikie?" Zubery alifungua zipu, akatoa karatasi, akailaza juu ya mkoba, akampa kalamu. "Saini hapa. Maneno nitayajaza jioni nikitulia."

Karatasi ilikuwa nyeupe. Juu kabisa Zubery alikuwa ameshaandika tarakimu moja tu, 1, na mbele yake ameacha nafasi ya jina.

"Nimekuwekea namba moja," alisema.

Naima aliitazama ile tarakimu. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kama ya mwalimu. Aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake.

"Na sahihi?" Zubery aliuliza.

"Wameita majina yetu," Naima alisema.

*

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo aliyesoma muhtasari wote bila kuinua kichwa. Kisha aliwasimamisha wajane mmoja baada ya mwingine.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa," Naima alisema.

"Na wewe, hii?"

"Yangu," Nusrat alisema.

Zubery alishusha pumzi. Hakimu aligonga meza kwa kalamu. "Kama sahihi ni zenu, pingamizi lenu ni la nini?"

"Sahihi ni zetu, maneno siyo yetu," Naima alisema. "Tulisaini karatasi tupu."

"Wote wawili? Watu wazima, mnajua kusoma na kuandika. Kwa nini?"

Watu kwenye mabenchi waligeuza shingo. Naima alikuwa na majibu mengine tayari. Angeweza kusema alikuwa mgonjwa wa msiba, au alilazimishwa. Zubery alikuwa anamtazama, na pembeni mwa mdomo wake palikuwa na tabasamu dogo la mtu anayejua kuwa lile neno halisemeki. Si mbele ya watu. Si mbele ya mke mwenza.

"Kwa wivu, mheshimiwa," Naima alisema. "Shemeji alimletea kila mmoja wetu karatasi yenye jina la mwenzake juu. Mimi sikutaka kuwa namba mbili. Na huyu naye hakutaka. Ndipo akatupa nyeupe, kila mmoja awe namba moja peke yake."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na wengine wakamfuata. Joto lilimpanda Naima shingoni mpaka masikioni. Hakimu hakucheka. Alizishika zile kurasa mbili za sahihi, akaziinua sambamba. Kila moja ilikuwa na namba moja ya mwandiko wake, na hapakuwa na namba mbili popote.

"Zubery, kikao gani hiki chenye namba moja mara mbili?"

"Mheshimiwa, hapo ni makosa ya steshenari..."

"Hii ni kalamu. Steshenari ina mkono?"

"Na kuna jingine," Naima alisema. "Kuna mrithi hakuandikwa. Nusrat, simama wakuone."

Nusrat alisimama, polepole, akishika benchi la mbele.

Hakimu aliukataa muhtasari. Aliamuru kurasa zile zibaki kwenye faili, nyumba zisiguswe, na kikao kipya kikae mbele ya karani asubuhi ya kesho, wajane wakiwepo, na waje na orodha kamili ya warithi. Zubery alipotoka hakuaga mtu. Shedrack dalali, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa ameshaondoka zamani.

*

Basi la Iringa halikuwepo tena siku ile. Jua lilikuwa bado juu ya ukuta wa uani walipofika nyumbani. Nusrat alivua viatu mlangoni na kusimama, macho yakizunguka sebule: kochi, kofia iliyotundikwa, saa ya ukutani.

"Usikae hapo," Naima alisema alipomwona akielekea kwenye kochi. Akamsogezea kiti cha mbao. Kisha akaenda kuleta mto, akauweka nyuma ya mgongo wake bila kumtazama. "Utalala chumba cha Jaha. Yeye yuko shule."

"Asante, dada."

"Kunywa chai."

Naima alitoa mkobani karatasi ya Zubery, akainyoosha mikunjo mezani. Nyingine hakuwa nayo. Aliandika juu kabisa: Orodha ya warithi wa marehemu Abdulkarim, na tarehe. Mbele ya ile tarakimu iliyokwisha kuandikwa akaweka jina lake, mjane. Namba mbili, Nusrat, mjane. Namba tatu, Jaha, binti.

Akaandika nne, na kalamu ikasimama.

Nusrat aliacha kunywa chai. Alikuwa anaitazama kalamu. Nje cherehani ya Sekela iliendelea, ikasita, ikaendelea. Naima alimfikiria Jaha akirudi likizo, na fungu lake. Alifikiria vile viatu vyenye vumbi. Hakusamehe kitu. Kisha aliandika, akiikandamiza kalamu mpaka herufi zikatokea upande wa pili wa karatasi: Mtoto aliye tumboni mwa Nusrat. Namba tano akamweka Zubery, kaka wa marehemu, iwapo mtoto ni wa kike.

Nusu ya karatasi ilibaki wazi. Naima alichukua sinia, akauweka ukingo wake juu ya karatasi kama rula, akapiga mstari kutoka pembe hadi pembe.

"Na yeye alikuwa anafanya hivyo," Nusrat alisema kwa sauti ndogo. "Hata orodha ya sokoni akiniandikia, lazima aipige mstari."

Naima aliuinua mkono kutoka kwenye sinia. Siku zote alidhani ule mstari ni wa nyumba hii. Alidhani ni kitu alichobakiziwa yeye tu.

"Hata ya sokoni?"

"Hata ya nyanya na kitunguu."

Naima alisaini. Akaigeuza karatasi juu ya meza, akaisukuma pamoja na kalamu.

"Namba mbili," alisema.

Nusrat hakuichukua kalamu. Aliisogeza karatasi karibu, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza kusoma taratibu, jina hadi jina, mpaka kidole kikaufikia mstari na kuufuata hadi pembeni. Chai yake ilipoa. Naima alikaa akamsubiri mpaka alipomaliza.